Jinsi ya Kukagua Kasha la Kompyuta ya Mezani la Bei Nafuu

Mnunuzi mwenye bajeti ndogo anapoingia katika duka la kompyuta mjini Kisumu, macho huvutwa kwanza na kioo na taa za rangi, ilhali katika mji huu wa kando ya ziwa, wenye joto na unyevu, kinachostahili kukaguliwa kabla ya yote ni njia ya hewa.

Ondoa mfuniko wa ubavuni, uelekeze uso wa kasha mlangoni penye mwanga, kisha uchungulie kutoka ndani. Ukiuona mwanga kupitia wavu, hewa nayo itapita. Ukikutana na kioo au plastiki tupu, angalia nafasi iliyoachwa pembeni, kwa maana ikiwa hata kidole hakiingii, feni tatu za mbele zitazunguka bila faida. Mimi niliwahi kununua kasha la namna hiyo, na mashine ikawa inajizima kila adhuhuri, hadi siku nilipoung'oa uso wa mbele ikafanya kazi mchana kutwa bila kuzima. Wavu nao uwe na kichujio kinachochomoka bila bisibisi, kwa sababu visubi wa ziwani hufuata taa za nyumba kwa makundi na kunaswa humo pamoja na vumbi. Kichujio hicho huoshwa kwa maji na kurudishwa kikiwa kikavu kabisa.

Vipimo havina mjadala, kwani kasha lazima litoshee mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta. Mazabodi ya saizi iitwayo ATX ni milimita 305 kwa 244, na ya saizi ndogo zaidi, Micro-ATX, ni 244 kwa 244. Pima pia urefu wa nafasi ya kadi ya picha, ukitoa milimita 25 za unene wa feni ya mbele. Anayetaka kuhamisha mazabodi kutoka kompyuta kuukuu ya ofisini aende nayo dukani, kwani nyingi zina umbo na plagi za kampuni yake pekee, na hazikai kwenye kasha la kawaida.

Bonyeza bati kwa kidole gumba: likibonyea kwa urahisi, litatetemeka na kuvuma feni zinapozunguka. Pitisha kidole polepole kwenye kingo za ndani, ambazo zinapaswa kukunjwa, si kuachwa kali kama wembe. Palipochubuka rangi, kutu itaanzia hapo.

Kasha linalouzwa pamoja na pawasaplai, kifaa kinachogawia kompyuta umeme, linahitaji tahadhari kubwa zaidi. Usiamini tarakimu kubwa ya wati iliyoandikwa ubavuni; soma kibandiko, utafute ampea za laini ya volti 12, uzizidishe kwa 12. Kikionyesha ampea 18, laini hiyo inatoa wati 216 tu, hata kama sanduku linatangaza 500. Kwa maoni yangu, ni heri kununua kasha tupu na kuongeza fedha kwenye pawasaplai nzuri, kwa kuwa mbovu huweza kuunguza vifaa vyote.

Mwisho, hesabu skrubu na vijiguu vinavyoinua mazabodi kutoka kwenye bati. Kila kijiguu kikae chini ya tundu la mazabodi. Kilichobaki mahali pasipo na tundu kitagusa njia za umeme upande wa chini, na mazabodi inaweza kuungua mara tu unapowasha.