Soma rangi ya tausi kwa unyoya mmoja

Nikifika mada ya mageuko, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, huwauliza wanafunzi bluu ya tausi inatoka wapi. Wengi hujibu, "Kwenye chakula." Ndipo natoa unyoya.

Hatua ya 1: Pata unyoya. Tausi dume hupukutisha manyoya marefu kila mwaka msimu wa kupandana ukiisha, kwa hiyo mfugaji atakupa bila kumgusa ndege. Ya ndege wa hifadhini yaache yalipo. Hizo ni nyara za serikali, na askari wa wanyamapori hana muda wa kusikiliza somo lako.

Hatua ya 2: Cheza na mwanga. Lipe dirisha mgongo, utazame lile jicho la unyoya: bluu, kijani, rangi ya shaba. Sasa geuka, uuinue kati yako na dirisha. Bluu imepotea, umebaki ukahawia.

Hatua ya 3: Saga. Kata kipande cha bluu, ukisage kwenye kinu kikavu mpaka kiwe unga. Usiwe na haraka. Utapata unga wa kahawia, kwa sababu rangi ya bluu haikuwemo kabisa. Kilichomo ni melanini, jamii ile ile inayotia weusi nywele zako. Ndani ya vinyuzi vya unyoya, vijiti vya melanini vimepangwa safu kwa safu, na nafasi kati yake ndiyo huamua mwanga upi urudi machoni. Vikikaribiana, bluu, vikiachana kidogo, kijani. Mageuko hayakulazimika kubuni rangi mpya. Yalisogeza vijiti vilivyokuwepo. Heroe ana njia nyingine: yeye kweli wekundu wake hutoka kwenye chakula, na akikosa hupauka.

Hatua ya 4: Uliza nani alichagua. Mwaka 1860 Charles Darwin, baba wa nadharia ya mageuko, alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba kuona unyoya wa tausi kunamtia kichefuchefu. Mzigo wote ule unamfaa nini ndege? Mwaka 1871 alitoa jibu: majike huchagua. Mwaka 1991 mtafiti Marion Petrie na wenzake, Uingereza, walionyesha kuwa madume wenye macho mengi kwenye manyoya yao walipata majike zaidi. Mwaka 2008 Mariko Takahashi na wenzake, baada ya kufuatilia tausi Japani kwa miaka 7, hawakuona hivyo.

Mwanafunzi akiniandikia tu "jike hupenda macho mengi", simpi alama zote. Namuuliza: tausi wa wapi?