Kusoma jiografia na mazingira chuo kikuu ukiwa kazini: nilivyopanga mimi, Malindi

Ni mwaka wa sita huu nasomea digrii ya jiografia, mazingira na maendeleo, na wa kumi na moja niko nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi. Nauza saruji, nondo, mabati, misumari na boriti. Wateja wakijua nasoma huniuliza, hasa kina dada wenye watoto na vijana wa tuktuk: unawezaje? Huwaambia hivi: chagua mahali pamoja karibu na kwako, kama mto au ufuo, upachunguze mahali hapo kwenye kazi zako za chuo tangu muhula wa kwanza mpaka wa mwisho.

Lakini karatasi kwanza. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya. Kwa kawaida utatakiwa uwe na wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, au diploma inayokubalika. Uliza masomo hufundishwa lini: jioni, wikendi, likizo za shule, au kwa masafa. Likizo zinawafaa walimu. Mimi Desemba watu wanajenga na duka halina nafasi, kwa hivyo nilichukua wikendi. Ijumaa jioni napanda matatu, Jumapili usiku nimerudi. Asiyeweza kusafiri atazame vyuo huria: cha Tanzania kipo tangu 1992, na cha Kenya kilipewa hati yake 2023. Soma orodha ya kozi zao kwa makini, maana masomo haya haya huweza kuitwa jina jingine. Uliza pia kama unalipia kila somo au muhula mzima, kwa sababu ukilipia muhula mzima na kusoma nusu, unapoteza.

Kisha piga hesabu ya miaka, na usijidanganye. Uingereza, digrii ni krediti 360. Wa kutwa huchukua 120 kwa mwaka, na anayesoma nusu wakati akichukua 60 humaliza kwa miaka sita. Hata kama chuo chako hakihesabu hivyo, gawa masomo yote kwa yale utakayoweza kuyabeba kila muhula. Mimi muhula wa kwanza nilichukua matano kama wa kutwa. Nilifeli mawili, na mojawapo lilikuwa takwimu. Niliumia sana, maana ada ile niliikusanya kwa mwaka mzima. Tangu hapo nachukua matatu, basi.

Mahali nilipopachagua ni mlango wa mto Sabaki. Kutoka mjini ni safari fupi ya tuktuk upande wa kaskazini, kabla ya Mambrui. Mto huu huanza nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Majina ni matatu na udongo ni ule ule: shamba la Ukambani lililokosa matuta linakuja kumalizikia ghuba ya Malindi. Mwalimu wa mito alipotaka kazi juu ya mashapo, yaani udongo na mchanga unaobebwa na maji, nilikwenda Sabaki. Wa ikolojia alipouliza juu ya matumbawe, niliandika juu ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotangazwa 1968, na tope linavyoyanyima matumbawe mwanga. Somo la sheria nilichukua ile ya mazingira ya 1999, nikauliza mchotaji wa mchanga wa mtoni anadaiwa nini na anamdai nani. Kila kazi ilianzia pale ilipoishia ya kabla yake. Mtu mwenye saa mbili za kusoma kwa siku hawezi kuanza upya kila mara.

Kazi yako nayo usiiache nje ya masomo. Mikoko dukani tunaiuza kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Serikali ilipozuia ukataji wa miti Februari 2018, daftari langu la mauzo lilionyesha wateja wakihamia nguzo za mvinje. Nilipolirudia somo la takwimu, nilimwomba tajiri wangu ruhusa nikaitumia miaka mitatu ya daftari lile. Wastani na mtawanyiko vikanielea, kwa sababu kila namba niliijua sura ya mteja wake.

Sasa kwenda kupima ufuoni, na hapa ndipo wengi walioajiriwa wanaposhindwa. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwenye mwambao wetu siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, wakati duka limejaa mafundi. Siku za maji mafu utapata nafasi saa za jioni, lakini bahari haitoki vya kutosha, utaona nusu ya unachotafuta. Kwa hiyo muhula ukianza tu nachukua kalenda, natia alama bamvua zote, nafuta zile za masika kwa sababu ya matope na mafuriko, halafu naenda kwa tajiri na tarehe mbili. Mbili tu. Akiombwa mapema hivyo hakatai. Akiombwa leo kwa kesho hukataa, na ana haki yake. Na Sabaki usiende peke yako, kuna viboko. Mimi huenda na mvuvi anayeijua njia, nikamlipa siku yake kama ningemlipa fundi.

Usipoweza kwenda, setilaiti imekwenda. Picha za Landsat zinaanzia 1972 na zimekuwa bure tangu 2008. Za setilaiti ya Sentinel-2 zinakuonyesha mpaka kitu cha upana wa mita 10. QGIS, programu ya kuchorea ramani, haiuzwi pia. Pakua vyote ukiwa chuoni kwenye intaneti yao, usimalize bando lako. Tafuta picha za Januari na Februari: mawingu ni machache, na upepo wa kaskazi huyasukuma maji ya tope kuja kusini, upande wa mji. Upepo wa kusi huyarudisha kaskazini. Usiku nilioweka picha mbili sambamba, ya kaskazi na ya kusi, nilimwamsha binti yangu aje aone.

Kuhoji watu ni somo ambalo vitabu hulifundisha nusu. Nilianza na fomu ya chuo yenye swali, “Mabadiliko ya tabianchi yamekuathiri vipi?” Mzee wa kwanza alinitazama tu. Mara ya pili niliiacha fomu mkobani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mwaka wa El Nino, mashua mlikuwa mkiifunga wapi?”

Akanyanyuka, akanipeleka mpaka kwenye mti, akanionyesha. Kutoka mti ule mpaka ukingo wa maji wa siku hiyo nilihesabu hatua. Tumia matukio watu wanayoyakumbuka: mvua za 1997, tsunami ya Desemba 2004, mafuriko ya 2018. Mtu hakumbuki wastani wa mvua, lakini anakumbuka maji yalifika ngazi ya ngapi. Kabla ya kuanza, piga hodi kwa mzee wa mtaa na viongozi wa wavuvi, na useme wazi kwamba wewe ni mwanafunzi, huna mradi wala pesa za kugawa. Watu wa pwani hii wamehojiwa sana na hawakuletewa majibu.

Lugha: masomo na mitihani ni Kiingereza, wavuvi ni Kiswahili na Kigiriama. Nina daftari lenye safu mbili, neno la kitabu upande huu na neno la ufuoni upande ule. Mashapo, mmomonyoko, mlango wa mto, mchu (aina ya mkoko), bamvua. Mara nyingine safu ya ufuoni ina maneno mawili pale kitabu kina moja, na hapo huwa kuna jambo la kuandikia.

Saa zangu za kusoma ni baada ya isha mpaka saa nne, na alfajiri kabla ya watoto kuamka. Ramadhani nahamishia kusoma baada ya daku. Kazi ya chuo nahifadhi sehemu mbili kila usiku, kwa kuwa umeme hauna miadi.

Na kila rasimu ipeleke ufuoni kabla ya kumpelekea mwalimu. Ramani yangu ya mwaka jana niliitandaza bandani, nikaizuia upepo kwa mawe. Yule babu aliinama, akaweka kidole kwenye mkondo nilioupa jina kutoka ramani ya zamani, akasema huo ulikufa, maji sasa yanapita huku, na huku tunakuita kwa jina jingine kabisa. Niliichora upya usiku ule ule, nikaituma Jumatatu.