Dainamo ya Lucas C40: kuikarabati au kufunga alteneta

C40, dainamo inayochaji betri ya gari la zamani la Morris Minor, hutoa ampea 22, na injini ikizunguka polepole karibu haichaji kitu. Kwa taa na honi tu, inatosha, ikarabati. Weka kaboni mpya mbili na bushi ya nyuma, chonga kopa (silinda ya vipande vya shaba ambayo kaboni hugusa) kwenye leidhi, kisha kwangua maika (kihami) kati ya vipande vyake kwa jino la msumeno wa chuma. Ukiruka hapo, kaboni zitadunda na kutoa cheche.

Alteneta ya 17ACR hufika ampea 36, ila Minor nyingi zina chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Geuza nguzo za betri kwanza, hasi iende kwenye bodi, la sivyo dayodi za alteneta zinaungua papo hapo. Badilishana waya za koili, ruka regyuleta ya zamani, vuta waya mnene hadi betri.