Kupima Nambari Tasa Kubwa kwa Kalamu na Karatasi

Nambari 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, ambayo Luke Durant wa Marekani aligundua mnamo Oktoba 2024 kuwa ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ina tarakimu 41,024,320. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Kisumu wanapoisikia, huuliza ni nani aliyeigawa kwa kila nambari iliyo ndogo kuliko hiyo. Hakuna aliyefanya hivyo. Kompyuta zilizoithibitisha zilitumia kipimo cha wanahisabati Lucas na Lehmer, nacho kinaweza kufanywa katika daftari la shule.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kipeo p kilicho tasa na kisicho 2, kwa maana kipeo kikigawanyika, 2ᵖ − 1 nayo hugawanyika. Tuchukue 7, inayotupa 127.

Hatua ya pili: anza na 4. Itafutie mraba, toa 2, kisha ubaki na masalio ya kugawa kwa 127. Rudia mara p − 2, yaani mara tano. Ukiishia kwenye sifuri, nambari ni tasa. Usipoishia hapo, si tasa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa kugawa kwenyewe kunatoweka. Kwa kuwa 128 ni 127 na 1, kila 128 huacha salio la 1. Kwa hiyo hesabu ni 128 ngapi zilizomo, kisha ujumlishe idadi hiyo na kilichosalia. Mzunguko wa kwanza hutoa 14, na wa pili 194, ambayo ni 128 moja na 66, basi tunaandika 67. Mraba wa 67 ukitoa 2 ni 4,487, yaani 128 mara 35 na 7. Jumla ni 42. Kutoka 42 tunapata 1,762, yaani 13 na 98, ambazo ni 111. Mwisho, 111 hutupa 12,319, yaani 96 na 31: jumla ni 127 kamili, ambayo ni sifuri. 127 ni tasa.

Ijaribu pia 2¹¹ − 1, yaani 2,047. Mzunguko wa tisa utakuachia 1,736, kwa hiyo si tasa, ingawa kipimo hakikuambii kuwa ni 23 mara 89. Ndivyo Lucas alivyoonyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, na vigawo vyake, 193,707,721 na 761,838,257,287, vikasubiri hadi mwanahisabati Cole alipovitoa mwaka 1903.

Zoezi lako ni 8,191, yaani 2¹³ − 1, ukihesabu kwa 8,192. Mzunguko wa tatu ukupe 4,870. Ukipata kingine, rudi nyuma kabla ya kuendelea. Wa kumi utatoa 128, ambayo mraba wake ni 16,384, yaani 8,192 mbili kamili: salio ni 2, na ukitoa 2 umefika sifuri.