Kulinganisha gome la mialoni kwa hadubini

Mwaloni (mti uitwao oak kwa Kiingereza) hauoti Mombasa, ila gome lake linatufikia: kizibo asili cha chupa ya mvinyo hutokana na Quercus suber, mti wa Ureno, Hispania na jirani zao. Gome la Quercus variabilis wa China na Quercus cerris wa Uturuki itabidi uliagize.

1. Chagua kizibo cha kipande kimoja. Cha chembechembe zilizogundishwa kiache, mielekeo yake imevurugika.

2. Tambua mwelekeo. Hatua hii ndiyo kazi yenyewe. Kwenye uso wa duara utaona mistari ya ukuaji wa kila mwaka, na vijia vyeusi vinavyoikatiza. Hizo ni njia za hewa kutoka nje ya gome kwenda ndani. Kata sambamba na vijia, seli zitaonekana zimepangwa kama matofali. Kata kwa kuvikingama, zitakuwa na pembe sita hivi. Seli ni zilezile! Asiyejua hili atatangaza spishi mbili kumbe anatazama mti mmoja.

3. Chemsha kipande kidogo, kikate kwa wembe mpya, kisha kiloweke kwenye spiriti kutoa hewa. Bila hivyo utaona mapovu meusi tu. Rangi ya Sudan III huipa suberini, dutu yenye nta kwenye kuta za seli za kizibo, wekundu wa machungwa.

4. Sasa linganisha mkato wa mwelekeo mmoja. Katika suber, seli za mwanzo wa msimu ni ndefu, mikromita 30 hadi 40, kuta nyembamba. Za mwisho ni fupi na kuta nene. Variabilis hufuata mpango huohuo, lakini gome lake ni zito zaidi. Cerris ndiyo tofauti kubwa: kanda nyembamba za tishu ya kizibo zimetenganishwa na floemu iliyokufa, yaani tishu iliyokuwa ikisafirisha chakula cha mti. Suber hudumu na tabaka lilelile linalozalisha kizibo, ndiyo maana Wareno huvuna kila baada ya miaka 9.

MASWALI

Mwalimu, mbona kuta nyingine zina mikunjo?
Hizo ni za mwanzo wa msimu, dada. Zimebanwa na ukuaji ulipokuwa ukisukuma. Kuchemsha huzinyoosha kiasi.

Gome la mbuyu wa Likoni litafaa, mwalimu?
Kwa kamba, naam. Limejaa nyuzi, si kizibo. Lichore pembeni ujionee tofauti.

Lenzi yangu ina ukungu.
Joto na unyevu wa pwani hiyo, kaka. Ihifadhi kwenye kopo lenye silika, zile chembe za kunyonya unyevu.