Kwanza Uliza Lini: Namna ya Kuzitenga Dalili za Maradhi ya Akili

Mtu akiletwa kliniki, aliyemleta huanza na hukumu. "Kapandwa na shetani." "Kavuta bangi huyu." "Kasoma sana, akili imechoka." Namwacha amalize, kisha nauliza: mara ya mwisho mlipomwona mzima ilikuwa lini? Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Pemba, na haya nawaandikia watu wa nyumbani, walimu wa vyuo vya Kurani, masheha na wanaojitolea afya kwenye shehia, kwa sababu nyinyi humwona mgonjwa kabla yetu. Dalili moja huweza kutoka katika maradhi matano tofauti. Mara nyingi kinachoyatenga ni muda: tatizo lilianza lini, lilianza na nini, limekaa kiasi gani.

Wengi huku hawatakutajia tarehe, na usiwalazimishe. Uliza: ilikuwa kabla ya Maulidi au baada? Mfungo gani, yaani mwezi gani baada ya Ramadhani? Karafuu zilikuwa zinachumwa au zishaanikwa? Ramadhani alifunga yote au aliacha katikati? Dago, kwenye kambi ya uvuvi, alirudi na wenzake au aliwatangulia? Mama mmoja alishikilia kwamba mwanawe kaanza "juzi juzi tu". Tulipofika kwenye habari za karafuu akakumbuka kuwa msimu uliopita kijana alikataa kupanda mkarafuu, akawa anajifungia chumbani, anasema majirani wanamsengenya usiku kucha. Ile juzi ikawa karibu mwaka mzima, na maradhi niliyokuwa nikiyafikiria yakawa mengine kabisa.

Mabadiliko yaliyokuja kwa saa chache au siku mbili tatu, fikiria mwili kwanza. Alhamisi alikuwa mzima, Ijumaa hajui yuko wapi. Anaweweseka, anashika vitu visivyoonekana hewani, mara kasinzia mara kacharuka, na usiku huzidi. Muulize sala gani imepita. Mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Akipotea njiani, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa daktari wa kawaida. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, kichwa kilichogonga chini, au kwa mzee, maambukizi ya mkojo tu. Kisomo si kibaya, na hata kando ya kitanda cha hospitali kinasomeka, lakini damu ipimwe kwanza. Na mzazi aliye ndani ya arubaini, hasa wiki mbili za mwanzo, akikosa usingizi kabisa, akaanza kumshuku mtoto wake au kusema maneno yasiyoshikana, msingoje arubaini itimie. Hiyo ni dharura, na mtoto asiachwe naye peke yao.

Sasa wiki. Mwongozo tunaoutumia kupanga maradhi ni ule wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022. Kwa sonona, yaani huzuni iliyokuwa maradhi, unataka angalau dalili tano kati ya kumi, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, na moja lazima iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo. Lakini mgonjwa wa hapa hasemi "nina huzuni". Anasema kichwa kinamwaka moto, kuna vidudu vinamtambaa utosini, mwili hauna nguvu. Kapimwa kila kitu, majibu hayana kitu. Basi muulize usingizi: je, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na usingizi haurudi? Alikuwa hakosi kwenda kwenye mwani na wenzake, sasa je? Chakula? Anajiona mzigo kwa watoto? Mjane aliye edani anayelia, kisha mjukuu akija akatabasamu, huyo anaomboleza. Mpeni muda na watu wa kukaa naye. Msiba ukipita miezi sita na bado haujamwachia hata kidogo, hapo aje tumwone.

Kwa kila mwenye sonona naomba mniulizie na upande wa pili, maana husahauliwa sana. Je, kuna wakati aliwahi kupitisha wiki nzima halali wala hachoki, anasema mbiombio, anagawa pesa, anataka kuuza shamba la baba yake afungue kampuni? Kama ndiyo, huenda ni ugonjwa wa hisia mseto, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumpandisha juu. Mgonjwa mwenyewe hatataja habari hiyo, kwa sababu zile siku alijiona mzima kuliko watu wote. Nyinyi ndio mtakaozikumbuka.

Kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo ndiko kunakowatisha watu, na ndiko wanakokosea zaidi. Kuamini majini si ugonjwa. Mwaka 1995 habari za popobawa zilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na hawakuwa wagonjwa wa akili. Walikuwa na hofu waliyoshirikiana. Kadhalika mtu anayepanda kwenye ngoma ya shetani, ikisha akarudi kuwa yeye, asubuhi akaenda zake kazini: mwongozo wenyewe unasema jambo linalokubalika katika dini au mila ya mtu lisihesabiwe maradhi. Kipimo changu ni kuwauliza wanaoshiriki imani yake: je, hata kwenu nyinyi hili ni geni? Nawaheshimu sana wale wasomaji wa ruqya, kisomo cha tiba, wanaosikiliza kidogo kisha wakasema, "Huyu mpelekeni hospitali."

Zikiwa sauti kweli, rudi kwenye lini. Zilianza kabla ya huzuni au huzuni ilitangulia? Zikija huzuni inapozidi na kuondoka inapopungua, mzizi ni hisia. Zikiwepo zenyewe muda mwingi kwa mwezi au zaidi, na maneno yake yamevurugika, tunafikiria skizofrenia, maradhi yanayovuruga fikra na kumtenga mtu na uhalisia. Mwongozo wa Wamarekani, toleo la tano la 2013, unangoja miezi sita. Na kama anatumia bangi, mirungi au unga, msiishie hapo kwa lawama. Je, sauti zilianza kabla ya kuvuta? Alipoacha, zilikwisha? Zikiendelea mwezi au zaidi baada ya kuacha, bangi haitoshi kuwa jibu.

Wasiwasi wa udhu nao wengi huuona ucha Mungu. Kijana anarudia udhu mpaka sala ya jamaa imekwisha, ngozi imechubuka, na yeye mwenyewe anajua kuwa ametawadha ila hatulii. Ikimla zaidi ya saa nzima kwa siku, au ikimzuia sala na kazi, ni maradhi yanayotibika. Hasikii sauti ya mtu. Anajua fikra ni yake, na hiyo ndiyo tofauti.

Wako pia waliopona katika meli ya MV Spice Islander I iliyozama Septemba 10, 2011 ikija Pemba. Mtu akiiona tena bahari ile kama inatokea sasa hivi, akikwepa boti hata kwa maziko, akishtuka kwa kishindo kidogo, muulize ameanza lini. Mara nyingi jibu litakuwa tukio lenyewe. Kifafa nacho, katika mwongozo ule wa Shirika la Afya, kimo katika sura ya maradhi ya neva, si ya akili, ingawa tunakitibu kliniki hiyo hiyo. Njooni tu.

Kabla ya kuja, muulize mgonjwa waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa ya panya na za shambani ziondolewe nyumbani, mje leo. Msimfunge kamba. Aje na mtu anayelala naye nyumba moja, ndiye anayejua usiku wake, na mlete dawa zote anazotumia, pamoja na za mganga. Sitagomba. Nataka kujua tu alianza lini kuzinywa.