Kabla hujaunganisha seva ya niuzigrupu na kuanza kuposti, soma hii kwanza

Naandika hii kwa anayetaka kuingia Usenet, ule mtandao wa zamani wa vikundi vya majadiliano (niuzigrupu ndo vikundi vyenyewe), mara ya kwanza, au aliyekuwepo zamani akapotea na sasa anataka kurudi. Nimeona watu wakiingia kichwakichwa wakidhani ni kama magrupu ya kwenye simu, wiki ya pili wanahangaika kutafuta adimini awafutie walichoandika. Adimini wa kukufutia hayupo. Hilo likae kichwani kwanza, mambo ya poti na paswedi yatafuata.

Usenet haina ofisi kuu wala mwenyewe. Ilibuniwa 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, ikaanza kutumika 1980, na mpaka leo inaenda kwa wazo lilelile: we unaandika kwenye seva yako, seva yako inazigawia kopi seva jirani, nazo zinagawia jirani zao, hivyo hivyo mpaka ujumbe ufike kila seva inayobeba kikundi hicho. Kila ujumbe una utambulisho wake wa pekee unaitwa Message-ID, seva ikiona ujumbe ambao ishaupokea inaukataa, ndo maana haujirudii. Sasa jiulize, dakika tano baada ya kubonyeza kutuma, maneno yako yapo kwenye mashine ngapi? Huwezi kujua, na mimi siwezi kukwambia.

Haya, seva. Lazima uwe na seva ya kuunganishia, usianze na programu. Zamani kampuni nyingi za intaneti zilikuwa zinakupa seva ya niuzi pamoja na laini yako, nyingi zimeshaacha. Wengine walizoea kupitia Google Groups kwenye brauza tu, na hiyo tangu tarehe 22 Februari 2024 haipokei tena posti mpya za Usenet, kilichobaki ni zile za zamani za kutafuta na kusoma. Kwaiyo utahitaji akaunti yako. Kama unataka kusoma na kujadiliana kwa maandishi, seva ya bure inatosha kabisa, mfano Eternal September, unajisajili unapewa jina na paswedi basi. Zile za kulipia watu wengi wanazichukulia kwa ajili ya mafaili makubwa, usikimbilie kulipa kabla hujajua unataka nini. Soma masharti ya seva, yale yale ambayo kila mtu anayaruka, kwa sababu ndo yanayosema utafungiwa kwa kosa gani. Na usiazime akaunti ya rafiki. Ukivuruga wewe anafungiwa yeye.

Programu ya kusomea: Thunderbird kwa anayetaka vitufe, Pan nayo nzuri, slrn au tin kama unapenda dirisha jeusi la maandishi. Chagua moja uijue vizuri.

Poti. Poti ni namba ya mlango ambao programu inaingilia kwenye seva. Poti 119 ni ya kawaida na haina ulinzi wowote, jina na paswedi vinapita wazi, yeyote aliyekaa katikati kwenye waifai ya watu wengi anaweza kuvisoma. Poti 563 ni ile ya enkripsheni, yaani vinafichwa njiani. Tumia 563, na ukishabadilisha namba hakikisha umechagua pia SSL/TLS kwenye seting ya usalama wa muunganisho, kwa sababu nimeshakutana na watu waliobadili namba wakaacha seting ilivyokuwa, wakashinda siku nzima wanalaumu seva kwamba haifunguki. Na paswedi ya seva isiwe ndo ile ile ya imeili yako tafadhali.

Ukiunganisha seva itakujibu kwa namba, usiziogope, zisome. 200 maana yake umeingia na unaruhusiwa kuposti, 201 umeingia ila kusoma tu. 480 inataka ujitambulishe kwanza, 481 umejitambulisha lakini jina au paswedi haijakubalika. 411 hicho kikundi seva yako haina, kwaiyo kabla hujasema kikundi kimekufa angalia kama umekosea herufi. 441 posti yako imekataliwa, na mara nyingi mbele ya hiyo namba kuna sababu imeandikwa, watu hawaisomi wanabonyeza tena na tena kama mara kumi, hapo ndo seva inaanza kukutilia mashaka.

Ukijiunga na kikundi kikubwa programu itakuuliza kama ivute heda zote, yaani ile mistari ya juu ya kila ujumbe yenye kichwa cha habari, mwandishi na tarehe. Usikubali. Vuta mia tano za mwisho zinatosha, zilizobaki weka alama zimeshasomwa. Kuna vikundi vina ujumbe wa miaka na miaka, utakaa unasubiri na bando linaisha.

Jina na imeili sasa. Anwani unayoweka kwenye mstari wa From inaonekana na dunia nzima, zikiwemo programu zinazozunguka zikikusanya anwani za kutumia spamu, yaani matangazo ya kero usiyoyaomba. Weka anwani ya pembeni uliyofungua kwa kazi hiyo, au kama seva yako inaruhusu weka inayoishia na .invalid, hiyo ilitengwa rasmi tangu 1999 isitumike na mtu yeyote kwaiyo humuumizi mtu. Usijitungie anwani ya ajabu ajabu ukadhani haipo, unaweza kuta ni ya mtu kweli na spamu zako zote zinamwangukia yeye.

Hapa sasa ndo nilipoungulia mimi, naomba usome taratibu.

Nilikuwa kwenye kikundi kimoja cha mambo ya programu za kompyuta, nimeshakaa miezi kadhaa, najulikana kidogo, kuna jamaa mmoja alikuwa ananisaidia sana maswali yangu. Siku moja akaandika mle kwamba kwao wanatafuta mtu wa kazi, anayetaka amwandikie. Nikafurahi. Nikakaa nikamwandikia barua ndefu ya moyoni kabisa, nikamweleza ninapofanya kazi, jina la bosi wangu, kwamba mishahara imechelewa miezi mitatu, kwamba nikipata pengine naondoka hata kesho, mshahara ninaolipwa nikauandika, chini nikaweka namba yangu ya simu. Nikabonyeza kutuma nikashusha pumzi.

Nilibonyeza Followup, na nilichotakiwa kubonyeza ni Reply. Vitufe viwili vimekaa jirani, dirisha la kuandikia linafanana, tofauti ni mstari mmoja tu pale juu. Reply inaenda kwa mtu kwa imeili, Followup inaenda kikundini. Niligundua baada ya kama dakika moja, nilipoona ujumbe wangu umejipanga kwenye uzi chini ya wa kwake. Mikono ilikufa ganzi.

Nikatafuta haraka, nikakuta kuna kitu kinaitwa cancel, nikatuma, na kweli kwenye seva yangu ujumbe ukapotea, nikafungua tena na tena kuhakikisha, haupo. Nikaenda kulala nikijua nimepona. Asubuhi nikakuta watu wanne wamejibu. Wamenukuu barua yangu yote kwenye majibu yao, na jina la bosi limo, na namba ya simu imo. Mmoja alikuwa ananipa pole kwa nia njema kabisa.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba cancel yenyewe nayo ni ujumbe kama ujumbe mwingine, inasambaa seva hadi seva ikiomba kopi ifutwe, na kila seva inaamua yenyewe ikubali au isikubali. Nyingi zimeamua kutokubali, kwa sababu kulikuwa na watu wanaghushi cancel ili kufuta maandishi ya wenzao. Siku hizi kuna Cancel-Lock, ambayo inathibitisha kwamba anayefuta ndiye aliyeandika, ni jambo zuri na kama programu yako inayo iwashe, ila seva iliyokataa cancel zote bado itakataa na yako. Na hata ingekubali, cancel haigusi majibu ya watu waliokunukuu, maana yale ni maandishi yao.

Kuna heda nyingine inaitwa X-No-Archive, unaiandika yes, inaziomba hifadhi za kumbukumbu zisiweke ujumbe wako. Mimi sikuwa nimeiweka. Lakini wale wanne walionijibu nao hawakuwa nayo, kwaiyo hata ningeiweka barua yangu ingeingia hifadhini ikiwa ndani ya majibu yao.

Wiki mbili baadaye niliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa mezani, imeprintiwa, mistari imepigwa peni nyekundu. Sikufukuzwa siku ile, ila mkataba ulipoisha haukuongezwa, na ile kazi ya yule jamaa sikuipata, nadhani mtu akishaona umemwaga siri za mwajiri wako hadharani anaogopa, na simlaumu. Namba ya simu niliibadilisha baada ya miezi ya kupigiwa na watu nisiowajua. Miaka imepita, na barua ile bado mtu akitafuta kwa maneno sahihi anaipata.

Kwaiyo fanya hivi. Kabla ya kutuma kitu chochote, macho yaende juu kwenye mstari wa anayetumiwa, ukiona limeandikwa jina la kikundi jua ni hadharani, ukiona anwani ya imeili ni barua ya mtu. Mimi siku hizi barua ya mtu siandiki kabisa ndani ya programu ya niuzi, nakopi anwani yake, nafunga, nafungua imeili, naandika huko. Ni dakika moja zaidi. Na jambo ambalo hutaki limfikie bosi, mke, mume au mwanao akija kukua, usiliandike kwenye niuzigrupu hata kwa jina la bandia, kwa sababu heda huwa zinabeba habari kuhusu ulikotokea na mtindo wako wa kuandika watu wanaujua.

Tuendelee. Ukitaka kujaribu kama seting zako zinafanya kazi, nenda misc.test au alt.test, viliwekwa kwa ajili hiyo. Usiende kwenye kikundi cha watu kuandika "testi testi". Kabla hujaposti kikundi chochote kisome kwanza wiki mbili hivi, tafuta maswali yanayoulizwa mara kwa mara yalikojibiwa, utakuta swali lako limo.

Kama jambo linahusu vikundi viwili, weka majina yote mawili kwenye mstari mmoja wa Newsgroups ili uende ujumbe mmoja, usitume mara mbili tofauti. Ukituma mmoja, aliyeusoma huku programu yake inajua ameshausoma kule. Na weka Followup-To ili majibu yakusanyike sehemu moja. Zaidi ya vikundi viwili vitatu acha. Aprili 1994 mawakili wawili wa Marekani walirusha tangazo la bahati nasibu ya green card (kibali cha kuishi Marekani) kwenye maelfu ya vikundi, hasira iliyowaka ilifanya neno spamu lijulikane kila kona, na mpaka leo seva nyingi zinakata ujumbe unaoenda vikundi vingi kwa pamoja.

Uandishi: maandishi matupu, HTML izime, herufi weka UTF-8. Ukijibu nukuu kipande unachojibu tu, jibu lako liwe chini yake. Saini isizidi mistari minne, na mstari unaoitenganisha ni vistari viwili na nafasi moja, ile nafasi usiisahau, ndo inayofanya programu za wenzako ziitambue saini na kuikata wanapojibu.

Ukihama seva, namba za ujumbe hazilingani kati ya seva na seva, kwaiyo kumbukumbu ya ulivyosoma itavurugika, ujumbe wa zamani utaonekana mpya na ulio mpya unaweza kufichwa. Sio kosa, anza upya tu. Cha kuhifadhi ni Message-ID, hiyo haibadiliki popote.

Mafaili ya bure bure kwenye vikundi vya binari, yaani vile vya kugawia mafaili badala ya maandishi, mengi ni mali za watu na mengine yana virusi, faili la programu kutoka kwa mtu usiyemjua usilifungue. Wachokozi watakuja, wachuje kwa filta na usiwajibu, ukiwajibu hata mara moja wanakaa. Jina lililoandikwa juu ya ujumbe mtu yeyote anaweza kuliandika, kwaiyo mtu unayemheshimu mle akionekana ghafla anatukana au anaomba pesa, angalia heda zake, mstari wa Path na wa Injection-Info, uone kama umeingilia seva ile anayotumia siku zote, na kama bado una shaka muulize kwa imeili. Linki zilizofupishwa usibonyeze. Kompyuta ya ofisini usiiachie akaunti yako ndani. Ukiwa na hasira, au usiku umechoka, hifadhi kama drafti ulale, na asubuhi kabla ya kutuma angalia tena ule mstari wa juu.